Sahani Yenye Ngao

Katika miaka yote niliyomfahamu, sikumsikia Fundi akisema ndiyo. Ukimwuliza kama bango lako litakuwa tayari Ijumaa, alifuta brashi yake kwenye kitambaa, akakutazama kidogo, kisha akasema, "Nimesikia." Ukimwuliza kama ameshakula, "Nimesikia." Wateja wapya walikasirika. Walimwona ana maringo, na wengine walibeba mbao zao wakaenda kwa fundi mwingine karibu na stesheni. Waliomzoea walijua kwamba Ijumaa ikifika bango litakuwa limeegemezwa ukutani, limekauka, na herufi zake zimenyooka.

Nilihamia katika ua aliokaa, mtaa wa Mlango Mmoja mjini Mwanza, nikiwa mwalimu mpya, nimeshuka kwenye meli kutoka Bukoba na sanduku la bati na barua ya kazi. Sikuwa na ndugu Mwanza. Kisukuma sikukijua, na mpaka leo nakijua cha sokoni tu, cha kusalimiana, kuulizia mchicha na kushukuru. Chumba changu kilipakana na cha Fundi, na ukuta ulikuwa mwembamba, kwa hiyo nilijua saa anayokoroga uji, saa anayoosha brashi zake kwa tapentaini, na saa anayokohoa bila sababu, kama watu wanaoishi peke yao wanavyokohoa ili nyumba isikie mtu. Baada ya miezi michache nilijikuta nami nakohoa.

Hakuwa mzee kwa umri. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye madoa ya rangi kwenye kucha yasiyotoka hata sikukuu. Lakini nilimwamkia shikamoo tangu siku ya kwanza, kwa sababu ya jinsi alivyoketi kwenye kigoda chake, mgongo wima, magoti pamoja, kama mtu aliyeambiwa asubiri na aliyemwambia akasahau kurudi.

"Marahaba, Mwalimu," alijibu, na mazungumzo yetu yakaishia hapo kwa muda wa wiki mbili.

Kila bango alilolichora alilitia ufunguo mdogo kwenye pembe ya chini. Ukitembea mjini wakati ule, kuanzia buchani mpaka kwa kinyozi, kwa mshona suti, kwenye hoteli ya chai pale stendi, uliuona ufunguo wa manjano umejibanza chini ya maandishi. Wageni walidhani ni fundi wa kufuli. Mama mmoja alitoka Buhongwa kwa miguu na kufuli lililoshika kutu amelifunga kwenye kanga. Fundi alilitia mafuta ya taa, akaligonga taratibu kwa mpini wa nyundo, akalifungua, akamrudishia, wala hakumwambia kwamba hiyo si kazi yake. Mimi nilicheka mlangoni kwangu. Nilikuwa kijana na nilicheka sana mambo ya Fundi mwaka ule wa kwanza.

Sahani niliiona wiki ya tatu. Nilikwenda kuomba kiberiti jioni nikamkuta anakula. Alikuwa ameketi mkekani, ugali na samaki mbele yake, na upande wa pili wa mkeka, pale ambapo mtu wa pili angeketi, palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda sahani nyeupe ya kigeni imesimamishwa, uso wake umemwelekea yeye. Haikuwa na chakula. Nilidhani ameiweka ikauke.

"Karibu," akasema. "Tunakula."

Nilichukua kiberiti nikarudi kwangu. Neno lile la tunakula lilinisumbua, maana nami nilikuwa na sufuria yangu ya wali na sikuwa na wa kumwambia hivyo.

Baadaye niliizoea. Katikati ya sahani ilichorwa ngao ya buluu. Juu ya ngao palikuwa na taji, si la mfalme bali la ukuta wa mawe wenye minara mitatu. Ndani ya ngao, sehemu ya juu, upande mmoja ulikuwa na ufunguo wa dhahabu, na upande wa pili gamba la kombe la baharini, lile lenye mistari inayofunguka kama vidole. Katikati ulipita mstari mweupe wa mawimbi. Chini yake alisimama mnyama mweupe mwenye pembe zilizojikunja. Na chini kabisa, kwenye utepe, liliandikwa jina la kijiji cha Ufaransa kwa herufi ndogo nilizoweza kuzisoma lakini sikuweza kuzitamka.

Hapo ndipo palipokuwa na kinyume chake kikubwa. Mtu huyu aliyekuwa akikunyima hata neno moja la kawaida, mgeni yeyote akiingia uani, alimletea sahani kabla ya kumletea maji. Alitaka kila mtu amwambie ngao ile inasema nini. Mvuvi wa Kikerewe aliyekuja kuandikisha jina la mtumbwi wake alisema mambo ni wazi: mawimbi ni ziwa, gamba ni mkia wa samaki aliyechorwa na mtu asiyejua samaki, basi hicho ni kijiji cha wavuvi. Jirani yetu muuza vitambaa, Mwislamu mpole aliyezaliwa palepale mjini, alisema ufunguo ni wa duka, na watu wenye duka hujenga ukuta. Wachungaji wawili kutoka upande wa Magu waligombana juu ya mnyama.

"Huyu ni mbuzi."

"Mbuzi gani mwenye manyoya hayo?"

"Mbuzi wa Ulaya. Kule ni baridi."

"Kondoo huyo. Wewe hujui hata mifugo ya baba yako."

Fundi aliwasikiliza wote kwa adabu ileile. Kisha, kila mmoja alipomaliza, alimwuliza swali ambalo halikueleweka: "Na kama sahani hii ingekuwa yako, ungemwomba mtu nini?" Mvuvi alisema angemwomba nyavu. Muuza vitambaa alitabasamu akasema yeye huomba kwa Mungu tu. Wachungaji walitazamana wakaaga.

Kulikuwa na mjane mmoja aliyeuza dagaa Kirumba. Mwanamke mcheshi, mwenye sauti iliyofika kabla yake. Alikuja uani na kikapu mara nyingi kuliko dagaa tulizohitaji, na siku alizokuja Fundi alivaa shati lenye kola. Wanawake wa ua tulikuwa tumeshapanga harusi vichwani mwetu. Siku moja, mbele yangu na mbele ya mke wa muuza vitambaa, alimwuliza waziwazi, mikono kiunoni:

"Fundi, mimi si msichana wa kuzungushwa. Utanioa, hutanioa?"

Fundi alishika brashi. Rangi nyekundu ilimdondokea kwenye mguu na hakuifuta. Niliona midomo yake inajaribu.

"Nimesikia," akasema.

Yule mama alisubiri misimu miwili ya pamba. Kisha akaolewa na mfanyakazi wa reli, akahamia Tabora. Sanduku lake la kuhamia alilipaka rangi Fundi mwenyewe, buluu, kazi safi kabisa, na ufunguo wake kwenye pembe. Nilimkasirikia. Nilimwona ni mwoga, na nilimwambia mke wa muuza vitambaa hivyo, naye akasema huenda ana mke kwao. Hakuwa naye.

Sababu aliniambia Jumapili moja ya masika. Mvua ilikuwa imetufungia wote barazani, maji yakishuka kutoka kwenye mawe ya mlimani yakikata ua katikati. Alikuwa anaifuta sahani kwa kitambaa, nami, kwa kukosa la kusema, nikamwuliza aliipata wapi.

"Madagaska," akasema. "Nilikuwa jeshini wakati wa vita. Walitupeleka kupigana na Wafaransa. Mfaransa sikumjua ni nani, Mwalimu. Hata kwamba Madagaska ni kisiwa sikujua mpaka nilipoambiwa tumekifika."

Mapigano yalipotulia, alisema, aliwekwa kulinda nyumba moja ya shambani. Ndani alikuwamo bibi wa Kifaransa, mzee, amebaki peke yake, watumishi wamekimbia. Siku mbili alimchungulia dirishani. Siku ya tatu akamtolea kiti.

"Akaitoa sahani hii ukutani. Akaketi mbele yangu, karibu kama wewe ulivyo, akaishika kifuani hivi, uso wake ukinitazama mimi. Akaanza kunieleza. Mchana mzima, Mwalimu. Sikujua hata neno moja."

Maneno hayakubaki kichwani mwake, ila mikono ilibaki, na alinionyesha. Kwenye ufunguo bibi aliuelekeza mlango wa nyumba. Kwenye gamba alikunja kiganja akajifanya anakunywa maji. Kwenye mawimbi alipitisha kidole polepole na kupiga mluzi. Kwenye mnyama alicheka peke yake. Kwenye taji alinyamaza, akalia, akamshika yule askari kifundo cha mkono, akasema neno refu ambalo sauti yake ilipanda mwishoni.

"Lilikuwa swali. Swali hujulikana hata kama hujui lugha. Akanyamaza anasubiri. Mimi neno la Kifaransa nililolijua lilikuwa moja tu, tulilofundishana kambini. Wi. Maana yake ndiyo. Nikasema, wi, madamu. Akauliza tena, vilevile. Nikasema tena. Akaibusu sahani, akanipa mikononi. Asubuhi yake kikosi chetu kilihamishwa."

Mvua ilikuwa inapungua. Aliigeuza sahani chini juu, akaigeuza tena.

"Nilikubali, Mwalimu. Sijui nilikubali nini. Labda aliniomba niipeleke kwao. Labda nirudi nimzike. Mtu halii vile kwa kuomba jambo dogo. Na yeye amekufa, lazima amekufa, akijua kuna mtu alimwahidi." Akaniangalia. "Tangu siku ile neno lile halinitoki mdomoni. Nikijua michoro hii inasema nini, nitajua aliomba nini. Utaniandikia barua kwenye hicho kijiji?"

"Ndiyo, Fundi," nikasema, upesi, huku nikiangalia kama naweza kuvuka ua bila kulowana.

Sikuandika. Naliandika hilo hapa kwa sababu nimelibeba muda mrefu. Niliona ni jambo la kitoto, barua kwa kijiji kizima cha watu wasiojulikana, kwa lugha nisiyoijua, juu ya sahani. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Kisha ikawa mitihani, kisha likizo, kisha mama yangu akaugua Bukoba. Fundi hakunikumbusha hata mara moja. Ila kila nilipotoka posta na barua mkononi, zile za kwetu, aliinua macho kutoka kwenye kazi yake, akaona bahasha, akayashusha. Miaka miwili aliyainua na kuyashusha, nami nilijifanya sioni.

Wakati wa kudai uhuru vijana wa ua wetu walikuwa hawalali nyumbani kwa mikutano. Mzungumzaji alipaza sauti, uwanja mzima ukaitikia, na Fundi alisimama katikati ya watu mdomo umefumbwa. Kijana mmoja wa jirani, mtoto wa yule muuza vitambaa, alimfuata mpaka nyumbani.

"Fundi, wewe hutaki uhuru?"

"Nautaka sana."

"Mbona huitikii?"

"Nieleze kwanza tunakubali nini."

Kijana alidhani anadhihakiwa, lakini Fundi alikuwa ameshavuta kigoda cha pili. Akaeleza. Fundi akauliza nani atalipisha kodi. Akaeleza. Akauliza mahakama zitakuwa za nani, na shule, na pamba ataipangia nani bei. Yule kijana alikwama mara mbili, akaenda kuuliza kwa wakubwa wake, akarudi siku ya pili na jibu. Ilipofika jioni ya siku ya tatu Fundi alinyoosha mkono juu, peke yake, uani, bila kusema kitu, na kuanzia hapo alichora mabango yao yote bila kudai chochote. Nafikiri katika ua wetu mzima ndiye aliyejua vizuri kuliko wote tulichokuwa tunakishangilia.

Wiki chache baada ya Uhuru alipewa kazi aliyoiona kubwa kuliko zote za maisha yake. Jengo moja la ofisi lilitaka nembo mpya ya taifa ichorwe ukutani, kubwa, juu ya mlango. Picha ya kuiga ilikuwa bado iko njiani, lakini karatasi ya maelezo ilikuwa imefika, nayo ilikuwa kwa Kiswahili. Aliniletea niisome. Nilisoma, naye alikuwa ananisimamisha kila mstari. Mwenge, maana yake hii. Mkuki na shoka, maana yake hii. Mawimbi ni maji yetu, bahari na maziwa. Miguuni pa mwanamke, pamba.

"Pamba," akasema. "Pamba yetu hii?"

"Hii hii."

Nikamtazama, nikaona machozi. "Kumbe ngao inaweza kuelezwa," akasema, "na mtu akaelewa yote."

Karatasi ilisema mwanamume asimame kulia kwa ngao na mwanamke kushoto. Fundi alipanda ngazi siku nne. Mwanamume alimweka mkono wake wa kuume, yaani kulia kwake yeye Fundi aliyeitazama, na mwanamke kushoto kwake. Watu walisimama njiani kuitazama na mimi nilileta darasa langu lote. Siku ya tano picha ikafika kwa treni, na wawili wale walikuwa upande mwingine. Bwana aliyesimamia ofisi, kijana aliyerudi karibuni kutoka masomoni, hakugomba. Alimweleza tu kwamba kulia kwa ngao si kulia kwa anayeitazama. Ngao huhesabiwa kutoka kwa aliyeibeba. Ukitaka kujua kulia kwake, simama nyuma yake, uwe umeishika wewe.

Fundi alifuta kazi ya siku nne kwa kikwaruzo na tapentaini, bila kulalamika, akaanza upya. Lakini jioni ya siku hiyo aligonga mlango wangu na sahani mkononi.

"Kaa pale," akaniambia. "Wewe ni askari."

Nikaketi. Akavuta kigoda akaketi mbele yangu, akaishika sahani kifuani, uso wake ukinitazama mimi, kama alivyofanya yule bibi. Akaanza kupitia alama moja moja. Mlango. Kiganja cha maji. Mluzi. Kicheko. Alipofika kwenye taji alisimama, mkono ukiwa hewani.

"Mwalimu, ukiishika hivi huioni," akasema. "Unaona? Michoro iko upande wako. Hakuwa anaitazama. Aliijua kwa moyo. Alikuwa ananitazama mimi." Akaishusha magotini. "Miaka yote hii nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye kiti cha askari. Sikuwahi kukaa kwenye kiti chake. Bibi mzee, peke yake, nyumba imezungukwa na watu wenye bunduki. Akamtazama mmoja wao mchana mzima. Alitaka nini?"

Alikaa palepale na sahani magotini mpaka taa ikahitaji kuongezwa mafuta, kisha akaaga. Usoni mwake niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona, kwamba mtu huyu hakuwa na kichekesho chochote ndani yake. Aliogopa kufa akiwa ameahidi uongo. Kesho yake nilikwenda misheni ya ng'ambo ya ghuba kumtafuta padre mzee aliyejua Kifaransa.

Padre alicheka kidogo kwanza, akasema vijiji vya Ufaransa ni vingi kuliko mawe ya Mwanza, lakini aliandika. Nilieleza kila kitu, vita, bibi, mikono yake, na nikauliza alama zina maana gani, nani wa kijiji hicho aliwahi kuhamia Madagaska, na kama wanataka sahani yao irudishwe. Nilipomwambia Fundi kwamba barua imeondoka, hakusema kwamba nimechelewa. Alisema, "Wabeja, Mwalimu," akishukuru kwa Kisukuma chake, akaenda kununua nyama.

Majibu yalichukua miezi. Kabla hayajafika nilihamishiwa shule ya Ukerewe, na kabla sijamaliza muhula wangu wa pili kule nilipata habari kwamba Fundi ameanguka ngazini, si kwa kuteleza bali kwa kupooza, upande wa kulia wote, na mpwa wake amekuja kumchukua kumpeleka Kisesa. Barua ya Ufaransa ilinifikia ikiwa imepitia Mlango Mmoja na misheni, bahasha imejaa mihuri, na ndani yake karatasi ya pili ambayo padre alikuwa ameitafsiri kwa mwandiko wake wa kutetemeka. Nikaisoma nikiwa nimesimama. Kisha nikaomba ruhusa ya siku mbili.

Kisesa nilishukia barabarani, nikaonyeshwa njia katikati ya mashamba. Mpwa wake, mwanamke wa umri wangu, alinipokea kwa heshima na kunikalisha. Aliniambia kwamba mjomba anasikia na kuelewa hata Kiswahili, ila kukisema hawezi tena tangu aanguke. Kimebaki Kisukuma, tena kile cha zamani cha bibi zao, na nusu ya mdomo haifanyi kazi, hata yeye mpwa wake wakati mwingine hashiki maneno. Kisha akachukua ndoo, akasema anakwenda kisimani, atarudi sasa hivi.

Fundi alikuwa kitandani, ameegemezwa mto, mgongo wima vilevile. Kucha zake zilikuwa safi. Hilo lilinitia huzuni kuliko mdomo. Sahani ilikuwa kwenye kigoda mbele yake.

"Shikamoo, Fundi. Barua imekuja."

Macho yake yakaniganda. Nikamsomea polepole. Ufunguo ni wa mtakatifu wa kanisa lao, mlinzi wa mlango wa mbinguni. Gamba ni la mahujaji waliopita hapo kwa miguu wakienda mbali, wakilala na kupewa maji. Mawimbi ni mto wao, ambao siku hizi una maji machache. Mnyama ni kondoo, kwa kuwa zamani walilipa kodi kwa sufu. Taji la ukuta lina maana tu kwamba hapo pana watu wanaojitawala. Fundi alisikia kondoo, nusu ya mdomo wake ikatabasamu, nami nikajua anawakumbuka wale wachungaji.

Nikaikunja karatasi hapo. Alininyooshea mkono wa kushoto, niendelee.

Nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nimeshamchelewesha mara moja na sikutaka kumficha pia. Barua ilisema sahani za namna hiyo ziliuzwa kwa wingi gulioni kwao zamani, hivyo hakuna haja ya kuirudisha. Ilisema wameuliza wazee wote, na hakuna anayemkumbuka mwanamke wa kijiji hicho aliyekwenda Madagaska. Ilimalizia kwa salamu.

Alifumba macho. Nilidhani nimemuua. Nikasema maneno ya kijinga, kwamba labda wazee wanasahau, kwamba tutaandika tena. Alipoyafumbua alinyoosha mkono ule mzima, akaichukua sahani kwa shida, akaivuta mpaka kifuani, akaigeuza uso wake unitazame mimi. Na akaanza kunieleza.

Alisema kwa Kisukuma, kwa nusu ya mdomo, muda mrefu. Nilishika neno moja, nyanza, yaani ziwa, kidole chake kilipopita kwenye mawimbi. Mengine yote yalinipita. Kwenye ufunguo aliuelekeza mlango, na nilijua si mlango wa yule bibi tena, ni huu wa kwake, au wa chumba chake cha Mlango Mmoja, au wa yule mama wa dagaa. Sijui. Hakuitazama sahani hata mara moja. Alinitazama mimi. Alipofika kwenye taji alinishika kifundo cha mkono, akasema neno refu ambalo sauti yake ilipanda mwishoni, kisha akanyamaza anasubiri.

Ningeweza kumwita mpwa wake. Nilimsikia kwa mbali anaongea na mtu kisimani. Lakini mtu aliyekushika mkono namna ile humwambii ngoja nikatafute mkalimani.

"Ndiyo, Fundi," nikasema.

Akauliza tena, vilevile.

"Ndiyo," nikasema.

Akaiachia sahani mikononi mwangu, akalala. Mpwa wake alipoingia na ndoo aliniuliza mjomba amesema nini, nikamwambia amenieleza sahani. Nilisubiri aamke. Hakuamka mpaka basi langu likawa linakaribia kupita, nikaondoka nayo nimeizungushia kanga. Alifariki kabla ya mwezi kwisha.

Kuna jambo moja nililotaka kumwambia, na nililijua nikiwa bado kwenye basi, kabla hatujaliona ziwa. Nilitaka kumwambia kwamba hakumdanganya yule bibi. Mimi pia nilisema ndiyo bila kujua, na sikuwa nadanganya. Sijawahi kusema neno la kweli kuliko lile. Nilikuwa nimemwahidi mara ya kwanza nikiwa naelewa kila kitu, na ile ndiyo ya kwanza ndiyo iliyokuwa ya uongo. Angelijua hilo huenda angepumzika. Angemjibu mwanamke wa Kirumba. Nililijua nikiwa nimechelewa kwa saa moja, na kwa miaka miwili.

Sahani ninayo. Tukila, naisimamisha upande wa pili wa meza, na mume wangu ameshaacha kuuliza. Watoto wangu wana lalamiko lao moja juu yangu. Wakitaka kwenda ziwani, wakitaka viatu, wakitaka chochote, hunizunguka na kunivuta nguo, "Mama, sema ndiyo basi." Nami nafuta mikono, nawatazama mmoja mmoja, nawaambia nimesikia.